Matone ya macho baada ya kutolewa mtoto wa jicho: namna ya kuyaweka nyumbani

Mimi ni muuguzi wa macho. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho akirudi kliniki, humwomba anionyeshe anavyojiwekea dawa. Mara nyingi tone huangukia kopeni, likateremka shavuni, na ncha ya chupa ikagusa kope. Chupa inakwisha kabla ya wakati na jicho halijapata kitu. Basi nakueleza kama ninavyomweleza ndugu anayekuja kumchukua mgonjwa wake.

Kwanza zijue chupa zako. Moja huwa ni antibiotiki ya kuzuia vijidudu. Nyingine ni steroidi ya kutuliza uvimbe ndani ya jicho. Kwenye lebo utasoma prednisolone au dexamethasone. Wengine huongezewa ketorolac au diclofenac, ambazo hupunguza uvimbe na maumivu lakini si steroidi. Kama una pumu, au aspirini huwa inakudhuru, mwambie daktari kabla ya kuanza hizo mbili. Mzee asiyesoma mfungie uzi kwenye chupa moja, nyingine iache wazi, naye atazitofautisha kwa kupapasa.

Hatua ya 1. Nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 2. Tikisa chupa. Prednisolone ya macho iliyo nyeupe kama maziwa hutuama chini. Usipoitikisa, siku za mwanzo unaweka maji tu, dawa yenyewe inabaki kwenye kitako cha chupa.

Hatua ya 3. Lala chali au inamisha kichwa nyuma, tazama juu. Vuta kope la chini taratibu mpaka kifanyike kifuko. Shikia kope kwenye mfupa wa shavu, usilikandamize jicho.

Hatua ya 4. Dondosha tone moja kwenye kifuko, chupa isiguse jicho wala kope. Moja linatosha. Hata hilo moja jicho haliwezi kulibeba lote, kwa hiyo la pili linamwagika tu. Kama mikono inatetemeka, mgonjwa alale, afumbe jicho, mtu amdondoshee kwenye kona ya ndani, kisha afumbue polepole liingie.

Hatua ya 5. Fumba jicho bila kukaza, ubonyeze kwa kidole pembeni ya pua, pale kwenye kona ya ndani, dakika 1 hadi 2. Bonyeza mfupa, si jicho. Hapo pana kijia cha machozi kinachoteremka puani hadi kooni, ndiyo maana wengine husikia uchungu wa dawa mdomoni. Mwezi wa Ramadhani wapo wanaoacha matone mchana kutwa kwa kuogopa uchungu huo. Nakuomba usiache kimyakimya: mwulize sheikh wako, na umweleze daktari, mapema kabla ya kufunga.

Hatua ya 6. Subiri dakika 5 ndipo uweke chupa ya pili, la sivyo itaisafisha ya kwanza. Dawa ya mafuta iwe ya mwisho.

Kuhusu saa: mara 4 kwa siku inaweza kuwa saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni na saa 3 usiku. Steroidi kwa kawaida hushushwa kidogokidogo, kwa mfano mara 4 wiki ya kwanza, mara 3 ya pili, mara 2 ya tatu, mara 1 ya nne. Karatasi yako ikisema vinginevyo, fuata karatasi. Ukiacha ghafla kwa sababu jicho limetulia, uvimbe unaweza kurudi. Ukiendelea kujinunulia baada ya muda kwisha, presha ya jicho inaweza kupanda pasipo maumivu yoyote, na kuona kunakopotea kwa presha hakurudi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu anakuwa ameponywa ugonjwa mmoja akaingia kwenye mwingine kwa chupa ya dukani.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki, ukiona maumivu yanazidi, wekundu unaongezeka, usaha unatoka, au jicho lililokuwa limeanza kuona linafifia.

Siku unayofungua chupa andika tarehe juu yake. Nyingi hutakiwa kutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, hata kama dawa imebaki. Usimpe jirani mwenye jicho jekundu. Kama amechomwa na jani la mpunga shambani, huenda ni kuvu imeingia kwenye kioo cha jicho, na steroidi huipa nafasi ya kusambaa. Mpeleke akapimwe, na chupa yako itupe.