SOMO: Umezoea pikipiki ndogo, sasa unataka kubwa? Pita hapa kwanza

Wakuu habari zenu. Kila siku kuna mtu anauliza namna ya kutoka kwenye hizi pikipiki za kujifunzia, cc 125 mpaka 300 (cc ni ujazo wa injini), kwenda kwenye midude ya cc 600 na kuendelea, na majibu anayopewa ni mawili tu, "utakufa" au "chukua kaka, acha uoga". Yote mawili hayamsaidii. Mimi nimeanza na 125, nikapanda 300, nikakaa sana na 700 ya silinda mbili, sasa hivi niko na ya 1000, na humo katikati nimeangusha pikipiki mara mbili, zote mbili nikiwa na spidi ya mtu anayetembea kwa miguu. Hapo ndo somo lenyewe lilipo.

Kabla ya hatua elewa kitu kimoja. Pikipiki ndogo inasamehe. Ukifungua mafuta vibaya katikati ya kona haina ubavu wa kukufanya kitu, ukiachia klachi kwa fujo inaruka kidogo au inazima basi, na mkono wako wa kulia umezoea kuzungusha mpaka mwisho maana bila hivyo haitembei. Kwahiyo miaka yote hiyo umekusanya makosa ambayo hujawahi kulipia. Ile kubwa haina makosa mapya, inakudai yale ya zamani.

HATUA YA 1: Jipime kwenye ndogo yako

Usihesabu miaka, kuna mtu ana miaka sita lakini ni mwaka mmoja aliourudia mara sita. Tafuta sehemu tupu ujaribu haya: zunguka yu-tani ndani ya upana wa barabara ya kawaida bila kuweka mguu chini, kushoto na kulia (kulia wengi inawashinda, sijui kwanini, hata mimi). Halafu toka spidi 60 ufunge breki mpaka isimame kabisa, imenyooka, bila kuburuta tairi. Halafu shusha gia ukikaribia kona bila pikipiki kushtuka. Kama moja limekushinda hapo, kwenye kubwa litakushinda zaidi, rudi ukalifanyie kazi, mafuta ya ndogo ni ya bei nafuu.

HATUA YA 2: Chagua kwa hp (nguvu za farasi) na tabia ya injini, sio kwa cc peke yake

Hapa wengi ndo wanapigwa. Mtu anakwambia "nachukua 600 kwanza, ndogo ndogo, halafu nitaenda 1000". Kaka, 600 ipi? Yamaha R6 ni cc 599 na ina hp karibu 120, hiyo ni mashine ya mashindano iliyowekewa taa na saiti mira. Yamaha MT-07 ni cc 689, kubwa zaidi kwa cc, lakini ina hp kama 73. Suzuki SV650 iko hapo hapo kwenye 75. Sasa linganisha na unakotoka, 125 ya kawaida ina hp kama 10 hadi 15, Kawasaki Ninja 300 ina 39, na hizi za 1000 za michezo kama Yamaha R1 ziko karibu 200. Kutoka 39 kwenda 73 ni ngazi. Kutoka 12 kwenda 200 hiyo sio ngazi tena, umejirusha.

Wenzetu Ulaya wameliweka kwenye sheria kabisa, leseni ya A2 inaishia kilowati 35, kama hp 47, na unakaa nayo kwanza kabla ya kuruhusiwa kupanda zaidi. Hata kama sheria ya kwenu haikubani, wazo lenyewe ni zuri. Ushauri wangu ni silinda mbili, cc 650 hadi 700, kaa nayo msimu mzima, mvua na jua.

HATUA YA 3: Uzito (msiruke hii jamani)

Siku ya kwanza na ile 700 nilitoka nayo barabarani vizuri kabisa, nikajiona fundi. Nikarudi, nakata kona kuingia maegesho, niko spidi 5 hivi, usukani umekunjwa kushoto, akatokea mtoto anakimbiza mpira, nikagusa breki ya mbele. Kugusa tu. Pikipiki ikalala kushoto pole pole kama ng'ombe anayetaka kupumzika, mguu nimeuweka, goti linatetemeka, kilo karibu 180 hazibishani na goti. Mkono wa klachi ukakatika ncha, na mtoto kasimama ananiangalia tu, mpira mkononi.

Kosa lilikua vidole viwili. Ukiwa spidi ndogo na usukani umekunjwa usiguse breki ya mbele, tumia ya nyuma na ucheze na klachi. Na kabla hujasimama kabisa, nyoosha usukani kwanza. Kwenye 125 nilikua nafanya lile kosa kila siku, nanyanyua kwa mguu mmoja naendelea na safari.

Kwahiyo siku ya kwanza izime. Isukume mbele na nyuma, ikalie, inyooshe kutoka kwenye stendi, sikia ni wapi inaanza kukuelemea. Jifunze na kuinyanyua ikilala: izime, ingiza gia isije kubingirika, kama imelalia kulia toa stendi ya pembeni kwanza, kunja usukani mpaka mwisho, ipe mgongo, chuchumaa, shika hendo na sehemu ngumu ya nyuma, halafu sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume hatua fupi fupi. Ukinyanyua kwa kuinama umeuaga mgongo.

HATUA YA 4: Uwanja mtupu, klachi na breki

Tafuta pale klachi inapoanza kuuma, uizoee mpaka usiifikirie. Tembea taratibu kwa klachi na breki ya nyuma tu.

Halafu breki. Diski za mbele kwenye kubwa mara nyingi ni mbili, zina nguvu kuliko ulivyozoea, na ule mtindo wa kuikwapua kama unaua mbu uuache. Bana kidogo kwanza, subiri uzito uje mbele na shokapu zishuke, ndo uongeze nguvu. Tairi likishakandamizwa chini linashika, ukilishtua kabla ya hapo linateleza. ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukibana breki) inasaidia sana, nunua yenye ABS kama unaweza, ila ABS haifupishi hesabu: spidi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama unakua mara nne. Kwa lami kavu na breki nzuri 60 inasimama kama mita 20, 120 inataka karibu 80, na hapo bado sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwa 120 umeshasafiri mita 33 kabla hata ya kugusa breki.

HATUA YA 5: Mkono wa kulia

Hii ndo roho ya somo. Kwenye ndogo unakaa na ule mkono umekunja kifundo, kifundo kiko juu ya ngumi. Kwenye kubwa pikipiki ikiruka mbele mwili unabaki nyuma, mkono unavutwa, mafuta yanafunguka zaidi, inaruka zaidi, na mtu anashangaa tairi la mbele liko hewani na yeye hakukusudia. Weka kifundo kimenyooka au chini kidogo, bana tanki kwa magoti, tumbo ndo likushikilie, mikono ilegee. Ukiweza kupigapiga viwiko kama kuku huku unatembea, umekaa sawa (watu watakucheka, waache).

Na spidometa iangalie. Niliwahi kuovateki lori nikiwa gia ya tatu, kichwani najua niko kama 90, nikarudi upande wangu nikaangalia chini, 148. Hakuna kelele, hakuna mtetemo, upepo tu. Ndogo ikifika 90 inakupigia kelele, kubwa inanyamaza.

HATUA YA 6: Kona

Maliza breki na gia kabla ya kuingia, ndani ya kona mafuta ni kidogo na sawasawa, unaongeza ukishaanza kunyooka. Angalia unakotaka kutokea, sio ukingo wa barabara, maana macho yakienda ukingoni na pikipiki inakwenda. Na ukiona imezidi kupanuka usifunge mafuta kwa mshtuko, sukuma hendo ya ndani: kona ya kushoto sukuma ya kushoto, inalala zaidi. Kwenye ndogo ulikua unafanya bila kujua sababu ni nyepesi, hii inabidi ufanye kwa kukusudia.

HATUA YA 7: Matairi. Pima upepo yakiwa ya baridi, nyingi za michezo ni psi 36 mbele na 42 nyuma ila soma kibandiko cha yako. Matairi mapya yana utelezi, kilomita 150 za mwanzo enda kistaarabu.

Haya maswali.

MASWALI

Swali: Mkuu somo zuri, ila mimi nina miaka mitano na 125, nikichukua 1000 nikawa naendesha taratibu tu kuna shida gani?
Jibu: Shida ni kwamba utaendesha taratibu mpaka siku ile utakayoshtuka. Mtu akishtuka mkono unakaza, na mkono ukikaza kwenye hp 200 sio sawa na kukaza kwenye 12. Gia ya kwanza peke yake ya hizo inapita 130. Pitia katikati mkuu.

Swali: Hapo kwenye R6 na MT-07 sijaelewa, yenye cc ndogo inakuaje na nguvu zaidi?
Jibu: Mzunguko. R6 ina silinda nne ndogo ndogo, inazunguka mpaka zaidi ya 14,000 kwa dakika, na nguvu yake iko huko juu. Chini ni pole kabisa inakudanganya, halafu ikivuka katikati inaamka kwa ghafla. MT-07 torki yake (nguvu ya kuvuta) iko kwenye mzunguko wa chini na wa katikati, inakuja kidogo kidogo kadri unavyofungua, unajifunza bila kushtukizwa.

Swali: Mimi ni mdada mfupi, miguu yote miwili haifiki chini vizuri. Niache?
Jibu: Usiache dada. Sio lazima nyayo zote mbili, unahitaji mguu mmoja wa uhakika. Sogea kidogo kwenye siti, shusha kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Angalia tu unasimamia wapi, kwenye kokoto au mteremko mguu unateleza. Kuna za kushushwa siti pia, ila usikimbilie kushusha shokapu, inabadilisha inavyokata kona na stendi inakua ndefu kupita kiasi.

Swali: Yangu ina modi ya mvua, si nitumie hiyo tu hadi nizoee?
Jibu: Tumia, ndo kazi yake, inalainisha mafuta na nyingine zinapunguza hp kabisa. Ila modi haipunguzi uzito wala haifungi breki kwa niaba yako.

Swali: Abiria nianze kubeba lini?
Jibu: Ukishaizoea peke yako, miezi kadhaa. Ukibeba, kaza springi ya nyuma na uongeze upepo kama kibandiko kinavyosema, na mwambie asikae ameegemea nyuma, mbele itakua nyepesi.

Swali: Kaka umechelewa, mimi tayari nimeshanunua 1000, iko hapa ndani imefunikwa turubai, naiogopa kusema ukweli. Nifanyeje?
Jibu: Leo usiiwashe. Toa turubai, panda, inyooshe, izoee uzito, kesho isukume sukume hapo uani. Wiki ijayo mpate rafiki aliyeizoea aipeleke uwanjani, wewe uifuate na ndogo yako, na hiyo ndogo usiiuze bado.