Kutafuta shina jipya la kubebeshea micheri
Natafuta shina la kubebeshea, yaani sehemu ya chini yenye mizizi, litakaloufanya mti wa cheri ubaki mfupi. Mimi huanza na matumba. Ua likishachanua, nyuki wamekutangulia. Nafungua petali kwa kibano, nang'oa stameni zote (sehemu za kiume za ua), kesho yake napaka kwa brashi ndogo chavua ya mti niliouchagua kuwa baba. Gisela 5, shina la kubebeshea la Giessen, Ujerumani, nalo ni chotara wa spishi mbili za cheri: Prunus cerasus na Prunus canescens.

Tunda likiiva, osha kokwa, fukia kwenye mchanga mbichi ndani ya friji, miezi mitatu hadi minne. Mara ya kwanza nilizianika juani (ujuaji wangu!), haikuota hata moja.

Miche ikikua, kata vipandikizi. Usioshika mizizi natupa, hata uwe mzuri vipi. Unaoshika, ubebeshe kikonyo (kitawi) cha cheri tamu, kisha usubiri miaka uone kama mti unabaki mfupi.