Kusafisha Mucrospirifer bila kuvunja ncha za mabawa

Mucrospirifer ni kisukuku cha brakiopodi, mnyama wa baharini wa kale mwenye magamba mawili yaliyotanuka pembeni kama mabawa. Ni rahisi kumpata, ila kumpata mwenye ncha zote mbili za mabawa ni kazi. Magamba yake yamejaa kwenye miamba ya kipindi cha Devoni, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, huko New York, Ohio na Ontario, lakini mengi huishia kwenye kabati yakiwa butu. Na ncha ndizo zilizompa jina: mucro kwa Kilatini ni ncha kali. Ninaishi Buffalo, jimboni New York, na nimesafisha mengi ya magamba haya. Karibu ncha zote nilizopoteza zilivunjika mezani kwangu, si kule machimboni. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi meza.

Hatua ya 1: Mjue unayemshika

Waliokulia pwani wakimwona husema huyu ni chaza. Siye. Magamba mawili ya chaza ni la kushoto na la kulia. Ya brakiopodi ni la mgongoni na la tumboni. Pitisha mstari katikati ya gamba moja la Mucrospirifer, nusu mbili zitalingana. Gamba la tumboni lina mfereji katikati, la mgongoni lina tuta linaloingia kwenye mfereji huo. Pande zote mbili mbavu zimetawanyika kama mikunjo ya kipepeo aliyefungua mabawa.

Sehemu pana kuliko zote ni mstari wa bawaba, pale magamba yalipoungana. Mstari huo hurefuka kulia na kushoto hadi kuwa ncha nyembamba kama mwiba. Ndani, kiungo cha kuchujia chakula kilishikiliwa na mizunguko miwili ya kalisaiti (madini ya chokaa), kama springi, kila mmoja ukielekea bawa lake. Ndiyo maana ya Spirifer, mbeba mizunguko. Mtaalamu wa visukuku Grabau ndiye aliyeitenga jenasi hii, yaani kundi hili la spishi, mwaka 1931. Spishi yake maarufu, mucronatus, mtaalamu mwingine, Conrad, alikuwa ameshaieleza tangu 1841.

Hatua ya 2: Beba jiwe, usibebe gamba

Mimi huenda Penn Dixie, mjini Hamburg, kusini kidogo ya Buffalo. Zamani watu walichimba pale mwamba wa kutengenezea saruji. Leo unalipa kiingilio na unachookota ni chako. Mwamba ni tope la kijivu lililogandamana katika bahari ya kina kifupi, miaka takriban milioni 380 iliyopita, tope ambalo mito iliteremsha kutoka milima ya mashariki.

Ukiona mstari wa bawaba umechungulia, usimchokonoe pale pale. Vaa miwani ya kukinga macho, kata kipande cha mwamba kinachomzunguka, uache walau sentimita 3 kila upande wa ncha. Kifunge kwa karatasi laini kisha gazeti, na uandike juu yake tarehe, mahali na tabaka.

Hatua ya 3: Mkaushe polepole

Usimloweke. Kipande changu kizuri kuliko vyote nilikiacha kwenye bakuli la maji usiku kucha, nikidhani tope litalainika. Lililainika kweli. Asubuhi nilikuta uji wa kijivu, na ndani yake gamba limegawanyika vipande vitano, bawa la kushoto halikuonekana tena. Mwamba huu una udongo mfinyanzi: ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, na gamba linapasuka nao. Uache ndani ya gazeti, kivulini, kwa siku kadhaa. Siki nayo iwe mbali kabisa, kwa sababu gamba ni kalisaiti na asidi hulila.

Hatua ya 4: Tafuta ncha kwa macho kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Weka taa ya mezani upande, mwanga ulale juu ya gamba, kisha chukua lenzi. Utaona mistari ya ukuaji ikikatiza mbavu, mmoja baada ya mwingine, kama kingo za vigae. Kila mstari ni ukingo wa gamba lilipokuwa dogo. Ufuate mmoja hadi unapofika kwenye bawaba: pale palikuwa na ncha ya wakati ule. Fanya hivyo kwa mistari mitatu au minne, utaelewa bawa lilivyokuwa likichongoka, na utajua ncha ya mwisho imezikwa upande gani wa tope. Weka alama kwa penseli kwenye mwamba.

Hatua ya 5: Sindano, kutoka katikati kwenda nje

Anza kwenye mfereji, gamba lilipo nene. Tumia sindano ya kushonea iliyoshikizwa kwenye kijiti, na mswaki laini mkavu. Sukuma tope kuelekea ncha, usivute kurudi ndani, maana kuvuta huinua bawa. Ukibakiza milimita 5 kufika kwenye alama yako, simama.

Sasa tone la Paraloid B-72, plastiki ya kuimarishia inayoyeyuka kwenye asetoni: gramu 5 za chembe zake ndani ya mililita 100 za asetoni. Changanya kwenye chupa ya kioo, dirisha wazi, mbali na moto. Dondosha kwa brashi ndogo kwenye bawa, ungoja likauke, kisha endelea punje kwa punje. Baadhi ya wenzangu wanatumia supaglu. Mimi siipendi, kwa kuwa Paraloid ukikosea unaiyeyusha tena kwa asetoni ileile.

Ncha ikishatokeza, usiifukue chini. Iache ilale juu ya mwamba wake. Tope hilo ndilo mto wake.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Ukiona vidoa vya rangi ya dhahabu, ni pairiti, madini ya chuma na salfa. Unyevu huigeuza kuwa unga wenye asidi, na unga huo utalila gamba ulilohangaikia wiki nzima. Weka kisukuku kwenye kiboksi chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Namba iandike kwenye mwamba, kamwe si kwenye gamba: paka Paraloid kidogo, andika kwa wino, paka tena juu. Kwenye lebo andika Mucrospirifer tu. Jina la spishi lisubiri hadi umeyalinganisha magamba kadhaa ya tabaka lilelile, kwa kuwa urefu wa mabawa hutofautiana.