Printa inayopotea kila umeme ukirudi: kupanga anwani za IP kwenye ofisi ndogo

Ofisi ilikuwa ghorofa ya 4, maeneo ya Posta, ya mawakala wa forodha. Kompyuta 11, printa moja ya leza, na dada wa uhasibu aliyekuwa amenipigia simu mara 3 wiki ile ile: "Kaka, printa imekufa tena, na hizi karatasi za mzigo zinasubiriwa bandarini." Nilipofika nilichomoa waya wa mtandao kwenye printa, nikakaa kwenye kompyuta yake na kuandika `ping 192.168.1.105`, amri ya kuuliza kama anwani hiyo inaitika; hiyo ndiyo ilikuwa anwani ya IP ya printa, yaani namba yake kwenye mtandao. Ikajibu. Waya nimeuchomoa kwa mkono wangu, na 105 inaendelea kuitika.

Nikaandika `arp -a` nione anwani ya MAC, yaani namba ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani, ya huyo anayeitika. Nikailinganisha na ile iliyobandikwa mgongoni mwa printa, hazikufanana. Orodha ya vifaa kwenye ruta ndiyo ikatoa jibu: ni simu ya bosi. Aliyefunga mtandao aliipa printa 105 kwa mkono, huku ruta nayo ikigawa kuanzia 100 hadi 199. Umeme ukikatika, ruta ile inasahau nani alipewa nini. Ukirudi, simu inawahi na kupewa 105. Printa inakuja kuwashwa baadaye, na mtu wa kwanza mwenye cha kuchapa, nayo inaishika 105 ile ile iliyoandikiwa. Bosi akitoka kwenda kula, kazi zote zilizokwama zinachapwa.

Karibu kila ofisi ndogo ninayoitwa, ugonjwa ni huu au ndugu yake. Dawa yake ni mpangilio, wala huhitaji kununua kifaa.

Kwanza elewa nani anagawa

DHCP, huduma ya kugawa anwani iliyo ndani ya ruta, ni kama mhudumu wa mapokezi kwenye gesti. Mgeni akifika anapewa ufunguo wa chumba kilicho wazi, kwa muda maalumu, na nusu ya muda ikipita anaomba kuongezewa. Kifaa ulichokiandikia anwani kwa mkono ni mtu aliyeingia chumbani bila kupita mapokezi. Mhudumu hana habari naye, na chumba hicho hicho atampa mwingine.

Hatua ya 1: Andika kila kilichopo

Zunguka ofisi na daftari. Kompyuta, laptopu, printa, DVR (kinasa picha) ya kamera, mashine ya vidole ya mahudhurio, akses pointi (kifaa cha kurusha waifai), swichi (kisanduku cha kuunganisha waya za mtandao) kama ina ukurasa wa kuingilia. Simu usiziandike moja moja, ila zihesabu, kwa sababu mtu mmoja huja na 2. Kisha weka alama kwenye vile ambavyo vifaa vingine huvitafuta: printa, DVR, kompyuta yenye mafaili ya pamoja. Hivyo ndivyo vinavyohitaji anwani isiyobadilika. Laptopu na simu hakuna anayezitafuta, ziache zipewe anwani na ruta.

Hatua ya 2: Chagua fungu lako

Anwani za ndani zimetengwa tangu miaka ya 1990: zinazoanza na 10, kuanzia 172.16 hadi 172.31, na 192.168. Ruta nyingi zinatoka kiwandani na 192.168.0 au 192.168.1. Mimi huzihama zote mbili. Mhasibu akiwa nyumbani kwake Tabata akaunganisha VPN ya ofisi (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), na ruta yake ya nyumbani nayo ni 192.168.1, kompyuta itatafuta printa ya ofisi humo humo sebuleni. Chagua kitu kama 192.168.25, maski (inayoonyesha sehemu ya anwani iliyo ya mtandao mzima) iwe 255.255.255.0, upate anwani 254 za kutumia. Zigawe hivi:

- 192.168.25.1: ruta
- .2 hadi .19: swichi na akses pointi
- .20 hadi .49: printa, DVR, mashine ya vidole, kompyuta ya mafaili
- .100 hadi .199: za ruta kugawa yenyewe

Namba zilizobaki ziache wazi. Ofisi hukua.

Hatua ya 3: Ingia kwenye ruta

Fanya hivi jioni watu wakishaondoka, na tumia kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Badili anwani ya ruta kwanza. Ukihifadhi tu, ukurasa utakatika, na hapo wengi hudhani wameiua ruta. Chomoa waya, urudishe, kisha ingia kwa anwani mpya. Sasa nenda sehemu ya DHCP: mwanzo .100, mwisho .199. Muda wa kukaa na anwani, saa 24 zinatosha kwa wafanyakazi. Kama una waifai ya wageni yenye fungu lake, weka saa 2. Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hujitambulisha kwa MAC ya kubuni kwa kila mtandao, na nyingine huibadilisha. Simu moja inaweza kuonekana kama wageni kadhaa, na muda ukiwa mrefu fungu linajaa majina ya watu ambao hawapo.

Hatua ya 4: Printa na wenzake

Hapa mafundi tunatofautiana, na mimi nina upande. Sipendi kuandika anwani ndani ya printa. Napenda kuiwekea nafasi kwenye ruta: printa inabaki kwenye DHCP, inapita mapokezi kama wengine, ila mhudumu ana maagizo kwamba MAC hii ikifika ipewe .20 na hakuna mwingine anayepewa. Kwenye ruta utaikuta kwa jina la "Address Reservation" au "Static DHCP". Ukibadili mpangilio siku moja, unabadili sehemu moja badala ya kuzunguka na kubonyeza vitufe vya printa.

Chapa ukurasa wa taarifa wa printa, MAC utaiona humo, jozi 6 za herufi na namba. Zinakili taratibu, maana B na 8 zimenipotezea muda mwingi. Baadhi ya ruta hukataa nafasi iliyo nje ya fungu linalogawiwa. Ikikataa, panua fungu lianzie .20, nafasi itakubalika. Ukifika hapo, kila kifaa cha .20 hadi .49 lazima kiwekewe nafasi, kisiandikwe kwa mkono hata kimoja.

Ninaandika kwa mkono kwenye ruta yenyewe, swichi na akses pointi tu, kwa sababu nataka kuvifikia hata DHCP ikiwa imelala.

Ikibidi kuandika kwa mkono kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao, gusa Ethernet, kisha kwenye "IP assignment" chagua "Manual" na uwashe IPv4. Jaza anwani, maski, ruta kama lango, na DNS (anwani ya anayegeuza majina ya tovuti kuwa namba). Windows 10 haiombi maski, inaomba urefu wake: andika 24.

Hatua ya 5: Kompyuta bado zinakumbuka anwani ya zamani

Printa imehamia .20 lakini kila kompyuta ingali inatuma kazi kwenye 105. Ifute printa kwenye kila kompyuta na uiongeze upya kwa anwani ya TCP/IP. Usiiache Windows iitafute yenyewe, kwani mara nyingi huiunganisha kwa WSD, njia yake ya kutafuta vifaa yenyewe, na printa inaonekana haipo wakati imewaka mbele yako.

Hatua ya 6: Jaribu kama umeme umekatika

Zima swichi kuu ya umeme ya ofisi. Subiri dakika 5. Washa ruta, acha simu zote ziingie, kisha printa iwe ya mwisho kabisa. Andika `ipconfig /all` kwenye kompyuta 2 au 3. Ukiona 169.254, kompyuta hiyo haikupata jibu la DHCP, anza na waya na swichi. Ukiona anwani ya fungu usilolijua na "Default Gateway" ambayo si 192.168.25.1, kuna ruta ya pili inayogawa. Fuata waya mmoja mmoja. Niliwahi kuikuta chini ya meza, mtu alichomeka ruta ya nyumbani aongeze nguvu ya waifai, na nusu ya ofisi ikawa inachukua anwani kwake. Zima DHCP yake, ipe anwani ya .2 hadi .19, na waya uingie tundu la LAN (la mtandao wa ndani), si la WAN (la intaneti).

Mwisho andika karatasi: kifaa, MAC, anwani, tarehe. Ibandike ndani ya mlango wa kabati la ruta na uipige picha, kwa sababu siku ruta ikibadilishwa nafasi zote ulizoweka zinaondoka nayo. Pale Posta karatasi ina mistari 6. Printa ni wa kwanza, .20.