Namna ya kuwasimulia watoto hadithi za watu wanaogeuka wanyama

Watoto wa mtaani kwetu hapa Lamu wakishapanda darini kwangu baada ya isha, hawaulizii tena sungura na fisi. Wanataka ya mtu aliyegeuka mnyama. Mama zao hunitaka niwaeleze nao wafanyeje nyumbani, maana wakijaribu wao, mtoto ama husinzia au huogopa kwenda chooni peke yake. Basi haya ndiyo ninayofanya mimi.

Anza kwa kukitafuta kile kitu. Hadithi hizi, ziwe za Japani au za Brazili, nyingi zina kitu kimoja kinachobeba siri yote: ngozi, nguo, mkia, kofia. Kabla hujasema "Paukwa", hakikisha unajua kitu chenyewe ni kipi, kimefichwa wapi, na nani anajua kilipo. Usipokijua utabaki kupiga mayowe na kutoa macho, na mtoto ataogopa bure bila kufaidi chochote.

Chukua selkie wa visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Huyu ni sili, mnyama wa baharini, ambaye akipanda nchi kavu huvua ngozi yake akawa binadamu. Watoto wa hapa hawajamuona sili, kwa hiyo waeleze kwanza. Nguva wanamjua, japo kwa kusikia kwa wavuvi wa upande wa Kiunga. Sili naye hunyonyesha kama nguva, ila nguva hatoki majini, na sili hupanda mwambani akaota jua. Hilo usiliruke, kwani asipopanda mwambani hakuna hadithi.

Kuna bwana mmoja wa huko alikuwa hataki kusikia habari ya kuoa. Siku moja maji yamekupwa, akawaona watu wa baharini wako juu ya mwamba, wengine wanacheza, wengine wameota jua, ngozi zao ziko kando. Akawatimukia. Kila mmoja akanyakua yake akaruka majini, isipokuwa msichana mmoja ambaye ngozi yake bwana yule aliiwahi. Akamfuata huku analia, amrudishie. Hakumrudishia. Wakaoana, wakazaa watoto saba, na kila mume akitoka mke huitafuta ngozi yake asiione.

Hapa usikimbie. Mwache mama atafute. Fungua masanduku kwa mikono yako, inua magodoro, chungulia mvunguni. Kisha siku hiyo mume yuko baharini na kitindamimba amebaki nyumbani kwa sababu anaumwa mguu. "Mama, unatafuta nini?" "Natafuta ngozi nzuri nikushonee kiatu laini, mguu wako upone." Mtoto akamwambia: najua iliko, nilimuona baba akiitoa chini ya paa akidhani nimelala.

Mimi huikunja leso nikaikalia tangu mwanzo, wala siitaji. Mtoto akishasema "chini ya paa", naivuta taratibu, naikung'uta mara moja, najitanda kichwa na mabega. Sisemi neno mpaka nimemaliza kujitanda. Hata wale wachokozi huacha kusukumana.

Mama akakimbilia pwani, akavaa ngozi yake, akajitosa. Akapita karibu na mashua ya mumewe, akafunua uso, akamuaga: nilikupenda, lakini nilimpenda zaidi mume wangu wa baharini. Maneno haya yaseme kwa sauti yako ya kawaida, usiyalie. Wakikuuliza kama alirudi kuwaona wanawe, waambie hapana. Nawaomba sana akina mama, msimrudishe ili mtoto alale vizuri. Mtoto wa Lamu anajua mtu akisafiri baharini anaweza asirudi. Mpe hadithi kama ilivyo, halafu mkumbatie.

Kwa walio chini ya miaka saba nawapa mbweha wa Japani, ambaye hana makali. Abe no Yasuna alimwokoa mbweha mweupe aliyekuwa akiwindwa. Baadaye akajiwa na mwanamke aitwaye Kuzunoha, wakaoana, wakapata mtoto wa kiume. Siku moja mama anatazama maua, akajisahau, mkia ukatokeza, mtoto akauona. Mambo yakaishia hapo: aliandika shairi la kuaga, kwamba ukinikumbuka nifuate msitu wa Shinoda, akaondoka. Shairi hilo usilisome kama tangazo la msikiti. Litie mahadhi, sisi ni watu wa tungo. Na hapa nina shauri langu: waambie mapema kwamba mke huyu ni mbweha. Wakijua tangu mwanzo, hawaogopi tena, wanamuonea huruma, na wanakuwa wanauangalia ule mkia kwa wasiwasi kabla mtoto wa kwenye hadithi hajauona. Ukimaliza waambie kwamba mtoto huyo anayesemwa, Abe no Seimei, alikuwa mtu kweli, mnajimu wa watawala wa Japani, aliyefariki mwaka 1005.

Wavulana wakubwa wanataka mbwa mwitu. Wape Bisclavret, wa Ufaransa ya karne ya 12: bwana wa heshima ambaye kila wiki hugeuka mbwa mwitu siku tatu, na hawezi kurudi utu wake asipozipata nguo alizovua. Mkewe akamtuma mtu akaziiba nguo hizo. Mfalme akamkuta porini, akamfuga, akaona ana akili za mtu. Nguo zilipopatikana na kuwekwa mbele yake, hakuzigusa. Mzee mmoja akamwambia mfalme: anaona haya, mpelekeni chumbani mumfungie mlango. Wakamfungia, na walipoingia wakamkuta kalala kitandani, binadamu. Watoto wetu hawahitaji kuelezwa stara ni nini, huelewa papo hapo, na hakuna sehemu waipendayo kuliko hii.

Lile la kwetu, la mwanamke aliyejitanda buibui unayekutana naye usiku, ukitupa jicho chini ukaona kwato, mimi silisimulii usiku. Halina ngozi ya kutafuta wala mtu wa kuhurumiwa, lina kitisho tu, na watoto hawa wanarudi kwao kwa vichochoro vyembamba visivyo na taa.

Watauliza kama ni kweli. Jibu bila kuzunguka. Majini tunayaamini, yametajwa katika Qur'ani. Selkie na mbweha ni ngano za watu wa mbali, na maumbile yako mikononi mwa Mungu.

Sasa nasema jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: usimtaje mtu aliye hai. Usiseme "kama yule bibi wa nyumba ya pembeni", hata kwa mzaha. Mwaka 1589, huko Bedburg, Ujerumani, Peter Stumpp alitishiwa mateso mpaka akakiri kwamba hugeuka mbwa mwitu, akauawa kikatili. Ethiopia, wafua chuma na wafinyanzi wamesingiziwa kizazi baada ya kizazi kwamba usiku hugeuka fisi, na jamii nzima zimetengwa kwa neno hilo. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Kaunti ya Kilifi, ambako wengi wetu tuna ndugu Malindi, wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu tu ya mvi na macho mekundu, na macho hayo ni ya moshi wa kuni. Mtoto akianza kumtaja jirani, katiza hadithi papo hapo, hata kama umefika pazuri. Mwambie kwa nini, kisha kesho yake mtume kwa jirani huyo na sahani ya mahamri. Mimi hufanya hivyo.

Ya pomboo wa Amazon, Brazili, anayekuja kwenye sherehe za mwezi wa sita amevaa suti nyeupe na haivui kofia, kwa kuwa chini yake pana tundu la kupumulia, waachie waliokwisha baleghe. Huyo huwatongoza wasichana akawapa mimba, asubuhi yuko mtoni. Wasimulie wasichana wenyewe, bila wavulana, na mama zao wawepo. Watakuwa na maswali, na mengi hayatakuwa ya pomboo.