Umechaguliwa uhandisi? Panga kozi za muhula wa kwanza kwa kalamu na karatasi

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, baraza yetu hapa Ngamiani, Tanga, hupata wageni wenye simu mkononi. Mwaka jana alikuja binti wa jirani, kapata uhandisi ujenzi Dar. "Shikamoo kaka," akasema, na hata hajakaa: "Nichukue kozi gani nyepesi, GPA ipande?" Yaani wastani wa alama zake. Nikaagiza kahawa, nikamtuma daftari. Tuliyoyafanya ni haya.

Hatua ya 1: Tenga za lazima. Fungua prospektasi, yaani kitabu cha chuo chenye orodha ya kozi, ya mwaka wako wa kuingia, si ile ya kaka yako, maana kozi hubadilishwa. Tafuta programu yako, mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza. Utakuta karibu kila kitu kimeshapangwa: hisabati, mekaniki, uchoraji wa kihandisi, kompyuta, stadi za mawasiliano. Binti akaguna, "Sasa mie nachagua nini?" Pengine kozi moja ya hiari, pengine hata hiyo hamna. Kinachobaki mikononi mwako ni saa zako.

Hatua ya 2: Geuza krediti kuwa saa. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maabara, kujisomea, yote humo. Mwaka una krediti 120, kwa hiyo muhula ni 60, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 15: saa 40 kila wiki. Hiyo ni ajira kamili, na hujafua wala hujapika. Ukijitwisha kozi ya ziada ya krediti 8, umeongeza saa tano na kidogo kila wiki.

Ila krediti hazisemi yote, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Uchoraji huonekana mdogo kwenye karatasi, kumbe ndio unaokesha nao. Nilimwambia auchore ule ule mkebe wa kahawa, yaani kikombe chetu kisicho na mkono: kwa mbele, kwa juu, kwa ubavuni. Kwa juu akaweka duara mbili, moja ndani ya nyingine, akasahau ya kitako. Kwa mbele akachora umbo la nje tu. Nikamuuliza, "Na kina chake kiko wapi?" Ukiwa mbele hukioni, lakini fundi atakayekitengeneza lazima akijue, kwa hiyo kinaonyeshwa kwa mistari ya vipande vipande. Akafuta, akachora, akafuta tena. Nusu saa ikapita kwa kikombe kimoja! Waliotoka diploma ya ufundi hapa hupumua kidogo. Wao hisabati ndiyo huwasumbua. Waliotoka PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati za kidato cha sita, mara nyingi ni kinyume chake. Jijue uko upande gani, kisha saa zako uzipeleke huko.

Hatua ya 3: Pima uzito wa alama. A ni pointi 5, C ni pointi 2, na kila alama huzidishwa kwa krediti za kozi. Tuseme hisabati ina krediti 12 na kozi nyingine 8. Ukipata C ya hisabati na A ya ile nyingine: 24 na 40, jumla 64, gawa kwa 20, ni 3.2. Geuza alama hizo hizo: 60 na 16, jumla 76, ni 3.8. Kozi nyepesi haiwezi kuiokoa nzito uliyoitelekeza.

Hatua ya 4: Kama hiari ipo, iangalie kwenye ratiba kabla hujaipenda. Isigongane na maabara, isidai somo la awali ambalo hujasoma. Waulize wa mwaka wa pili inavyotahiniwa, na uwaombe pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita. Neno "mteremko" lipuuze; kila anayelitamka alikuwa na mwalimu wake.

Hatua ya 5: Sajili, kisha hakiki. Kulipa ada na kusajili kozi ni mambo mawili. Mimi nililipa, nikahudhuria, nikafanya majaribio yote. Siku ya mtihani jina langu halimo, kwa kozi moja ambayo sikuibofya kwenye mfumo. Nilihangaika ofisi hadi ofisi wiki nzima. Ukimaliza kubofya, hesabu kozi moja moja dhidi ya prospektasi, chapisha ukurasa, mpelekee mshauri wako wa masomo akiwa bado ana nafasi ya kukusikiliza, yaani kabla dirisha la kuongeza na kuacha kozi halijafungwa.

Binti aliondoka na ukurasa mmoja wa daftari na hakuongeza kozi yoyote. Wiki ya nne akanitumia picha ya mchoro wake wa kwanza. Mistari ya vipande vipande imo yote, imenyooka. Kisanduku cha jina na skeli kakiacha kitupu. Nimemrudishia.