Kusafisha kabati la laka na shaba la Ufaransa bila kuliharibu

Makabati ya laka (rangi ngumu inayong'aa) na shaba ya manjano ya Ufaransa ya miaka ya 1970, yale yanayonasibishwa na Maison Jansen, kampuni ya mapambo ya nyumba ya Paris, au yenye saini ya mbunifu Jean Claude Mahey, huharibiwa na usafi kuliko uzee. Dawa inayong'arisha shaba huikwaruza laka. Shughulikia kila kimoja kivyake.

1. Jua ulichonacho. Pitisha sumaku kwenye mapambo. Isiponasa, yaelekea ni shaba ya manjano tupu. Ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa tabaka jembamba la shaba: hicho futa tu, usikisugue. Kisha, mahali pasipoonekana, gusa laka kwa pamba yenye tone la asetoni. Ikilainika na kunata, yaelekea ni laka ya aina ya nitroselulosi, nayo ni dhaifu. Ikibaki ngumu, huenda ni laka ya aina ya poliesta.

2. Toa vumbi kwa brashi laini. Chembe za mchanga zikibaki, kitambaa chako kinageuka msasa.

3. Shaba. Hapa usiharakishe. Vipande vilivyofungwa kwa skrubu vifungue na uvisafishie mezani. Vilivyogundishwa, chomeka ukanda wa plastiki nyembamba kati yake na laka. Sipendi utepe wa kubandika, kwa kuwa laka kuukuu hubanduka nao. Kama shaba ina mabaka meusi katikati ya sehemu zinazong'aa, ni vanishi ya kiwandani inayoachia. Iondoe kwanza, la sivyo utasugua vanishi badala ya shaba.

Changanya chaki laini na maji mpaka iwe uji mzito, sugua kwa pamba kufuata urefu wa kipande, bila kuzungusha. Ndimu, siki na chumvi viache jikoni: asidi hula zinki iliyomo kwenye shaba ya manjano na kuacha wekundu wa shaba nyekundu. Amonia nayo huweza kuipasua shaba ya manjano. Chaki yote itoke, hasa kwenye mfuo pale shaba inapokutana na laka, kisha kausha papo hapo.

4. Laka. Maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni isiyo kali, kitambaa kilichokamuliwa sana. Angalia kingo zilizomeguka, maana chini yake mara nyingi ni ubao wa chembe za mbao, na ukinywa maji unavimba usirudi. Mikwaruzo midogo kwenye poliesta nene huondoka kwa msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, kisha dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Pembeni usipitishe msasa kabisa. Laka ni nyembamba pale. Nitroselulosi usiiguse kwa msasa, mpe fundi wa laka.

5. Nta. Paka tabaka jembamba kwenye laka na shaba, subiri ikauke, pangusa. Epuka dawa za kupuliza zenye silikoni: siku kabati likihitaji laka mpya, itajikunja na kufanya matundu. Ukirudisha mapambo vaa glavu, maana jasho la vidole huchora alama kwenye shaba iliyotoka kung'arishwa.